Bi Cicely Tyson na Safari ya Kurudi Kwao



Mmezoea kukuta katika ukurasa huu historia ya mmoja wa wazee wetu. Mwaka huu tumetoka nje ya mipaka ya kata, na wanaoona tumekwenda mbali mno watuwie radhi. Sababu ni mjadala wa mkutano mkuu. Mchoro wa ukumbi ulipowekwa mezani, wapo waliotaka jukwaa liondolewe ili fedha iende kwenye jiko na stoo, na mzazi mmoja akasema wazi kwamba hachangii mahali pa kufundishia mabinti uhuni. Hatukumjibu siku ile. Tumeona tumsimulie habari za mwigizaji wa Marekani, Cicely Tyson.

Alizaliwa New York tarehe 19 Desemba 1924, akakulia mtaa wa Harlem. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi. Alilelewa basi na watu waliokuwa na "kwetu" kwingine, jambo ambalo sisi tunaoishi mjini hatuhitaji kufafanuliwa. Mama yake alikuwa mtu wa kanisa hasa. Binti alipofanya kazi ya kupiga chapa katika Chama cha Msalaba Mwekundu, na hata alipokuwa mwanamitindo, mambo yalivumilika. Aliposema anaingia kwenye uigizaji, mama alimwambia hawezi kufanya hivyo huku akilala chini ya paa lake. Akahama, na kwa muda mrefu wawili hao hawakusemeshana. Walipatana baadaye.

Na huyo aliyehamishwa nyumbani kwa kuogopewa uhuni ndiye aliyekuja kujulikana kwa kukataa kazi za aibu. Mwaka 1961 aliigiza katika tamthilia ya Jean Genet, The Blacks, pamoja na Maya Angelou na James Earl Jones. Mwaka 1963 aliingia kwenye televisheni katika East Side/West Side, akicheza kama katibu wa ofisi, na nywele zake za asili zikiwa fupi, bila kunyooshwa kwa kitana cha moto. Wakati ule mwanamke mweusi alikuwa nadra kuonekana kwenye televisheni ya huko, tena akiwa na nywele hizo.

Mwaka 1972 ilitoka filamu ya Sounder, iliyomfikisha kwenye orodha ya kuwania tuzo ya Oscar. Alisimulia mara nyingi kwamba wakati wa kuitangaza, mwandishi mmoja wa habari, Mzungu, alikiri kwamba ilimsumbua kumsikia mtoto mweusi katika filamu akimwita baba yake kwa neno lile lile ambalo watoto wake mwenyewe humwita yeye. Bi Cicely akaamua kuanzia hapo kila kazi atakayoshika iwe na la kusema. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, maana kuna vipindi alikaa bila kazi kwa sababu kilicholetwa kilikuwa cha kudhalilisha.

Mwaka 1974 aliigiza maisha ya Jane Pittman, mwanamke aliyezaliwa utumwani akaishi hadi kupita miaka 100. Kazi hiyo moja ilimpa tuzo mbili za Emmy. Miaka mitatu baadaye, katika Roots, alikuwa Binta, mama yake Kunta Kinte kule Gambia.

Lakini kazi yake tunayoipenda sisi ni ya uzeeni. Mwaka 2013, baada ya miaka 30 bila kupanda jukwaa la Broadway, alirudi katika tamthilia ya Horton Foote, The Trip to Bountiful. Mle yeye ni Carrie Watts, bibi kizee anayebanana na mwanawe na mkwewe kwenye nyumba ndogo mjini Houston. Anaficha hundi yake ya pensheni, anatoroka, anapanda basi kwenda Bountiful alikozaliwa. Njiani anasikia kwamba rafiki yake wa mwisho aliyekuwa akiishi huko amefariki. Anapofika, nyumba imeoza na mashamba yamekuwa pori. Hakuna wa kumpokea. Anakaa kidogo, anagusa udongo, kisha mwanawe anakuja kumrudisha mjini.

Bibi Carrie alipoimba wimbo wa kanisani, watazamaji waliokaa vitini walikuwa wakiimba naye. Bi Cicely alipata tuzo ya Tony kwa kazi hiyo akiwa na miaka 88. Mwaka 2016 Rais Obama alimvisha Nishani ya Uhuru ya Rais, na alifariki tarehe 28 Januari 2021, akiwa na miaka 96.

Bountiful haikufa kwa vita wala tetemeko. Watu waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu nzuri, kama tulivyoondoka sisi.

Tuongeze jambo moja kwa yule mzazi. Huko East Orange, jimbo la New Jersey, kuna shule ya sanaa yenye jina la Cicely Tyson. Hakuishia kuwapa jina lake. Alikuwa akienda mwenyewe kukaa na wanafunzi.

Fomu ya ahadi imo mwishoni mwa kijitabu, pamoja na mchoro wa ukumbi. Jiko limo, stoo imo, na jukwaa tumeliacha pale pale lilipokuwa.