Njia ya msafara na neno "mgeni"



Ugomvi wa shamba ukizuka, mara nyingi hutoka neno hili: "Babu yako aliletwa na Waarabu, rudi kwenu." Basi tuitazame njia yenyewe.

Ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapitia Kabambare mpaka Kasongo na Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Pembe za ndovu zilibebwa begani. Watumwa walitembea wamefungwa shingoni. Tusifiche. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara walipiga bunduki sokoni Nyangwe, soko lililojaa wanawake. Wengine walizama mtoni wakikimbia. Livingstone aliona kwa macho yake; Waarabu wenyewe walikadiria wafu kuwa kati ya 330 na 400.

Lakini wale Wangwana wa Tippu Tip kule Kasongo walitoka wapi? Waarabu walikuwa wachache mno. Wengi wa Wangwana walikuwa watoto wa huku huku, waliotekwa ama waliojiunga, wakavaa kanzu, wakasali, wakasema Kiswahili. Na ni kwa Kiswahili hicho tunatukanana leo!

Vita vya 1892 hadi 1894 viliwaondoa wakubwa wao. Watu walibaki, wakaoa, wakalima. Na Katiba ya 2006, kifungu cha 10, haiulizi habari za msafara. Inatazama makabila ambayo watu wao na ardhi yao vilifanya nchi ya Kongo ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960.