BURKITT, Denis Parsons

Burkitt, Denis Parsons (1911–1993), tabibu mpasuaji, mzaliwa wa Ireland, aliyehudumu Uganda takriban miaka ishirini, na ambaye kwa jina lake huitwa saratani ya limfu iwapatayo aghalabu watoto wa nchi za joto za Afrika.

Maisha

Alizaliwa Enniskillen tarehe 28 Februari 1911, akapoteza jicho moja angali mtoto, na baada ya kuacha uhandisi alisomea utabibu Dublin. Mwaka 1946 aliajiriwa Lira, na mwaka 1948 akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Uvimbe wa taya

Mwaka 1957 tabibu mwenziwe, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya, juu na chini, kuume na kushoto. Na haukupita muda, alipokuwa Jinja, akamwona mwingine mwenye dalili zizo hizo, pamoja na uvimbe wa tumboni. Hapo ndipo alipofukua daftari za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza.

Safari ya 1961

Akiisha kupeleka barua za maswali katika hospitali za serikali na za misheni, alitambua kwamba maradhi haya hayakuenea ovyo. Ndipo Oktoba 1961, yeye na matabibu Edward Williams na Clifford Nelson, waliposhika njia kwa gari kuukuu, wakapita Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia hata Afrika ya Kusini, mwendo wa maili 10,000 kwa majuma kumi hivi, wakisimama hospitalini na kuwaonyesha madaktari picha za wagonjwa. Natija ilikuwa dhahiri: pasipo joto na mvua za kutosha, hususa nyanda za juu, ugonjwa ulikuwa nadra mno.

Virusi

Kwa kuwa ugonjwa ulifuata joto na mvua, ilidhaniwa kwamba huenda huletwa na virusi. Mwaka 1964 Anthony Epstein, aliyesikia muhadhara wa Burkitt London, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, waligundua virusi katika seli za uvimbe huo.

Tiba

Uvimbe huo hukua upesi ajabu, kisu hakikufaa, na mashine za mionzi hazikuwako Uganda. Kwa hiyo Burkitt alijaribu dawa, zikiwemo methotreksati na siklofosfamidi, na baadhi ya watoto wakapona kabisa kwa dozi chache, jambo lililowastaajabisha mabingwa wa Ulaya na Marekani.

Baadaye

Aliondoka Uganda mwaka 1966, akashughulikia faida za makapi katika chakula. Alifariki tarehe 23 Machi 1993. Kituo kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 kwa ajili ya wagonjwa hawa ndicho asili ya Taasisi ya Saratani ya Uganda.