Kondoo Walioitwa Waajemi

Karo ya mwaka wangu wa kwanza chuoni ilikuwa kondoo 18. Ilikuwa shilingi ngapi, sikumbuki vizuri. Nyumbani hatukuihesabu hivyo. Abti, kaka yake mama, aliwatoa zizini alfajiri, tukawaswaga hadi Soko Ng'ombe pale Garissa, na kabla ya adhuhuri walikuwa ndani ya lori la kwenda Nairobi. Pengine wewe unayesoma hapa uliwahi kumla mmoja wao. Kondoo wa kwetu wengi huishia Kiamaiko, na kutoka Kiamaiko wanafika kwenye sahani yako Eastleigh au South C bila mtu kuuliza walitoka wapi.

Mwaka wa pili haukuwa na kondoo. Mvua zilikataa kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika kaunti kavu za Kenya. Wa abti walikuwa humo. Nikaacha chuo, nikarudi nyumbani na laptopu, nikaanza kuwaandikia watu vitu mtandaoni kwa malipo. Sitaki huruma, wenzangu wengi waliacha kwa njia hiyo hiyo. Nataka tu ujue kwamba ninapoongea juu ya uchumi wa kondoo siongei juu ya kitu cha mbali.

Sasa, mwaka jana abti akanionyesha picha kwenye simu. Kuna mtu alikuwa anauza kondoo dume wa Dorper, kwa bei ambayo ingenunua wa kwetu kadhaa.

"Abti, hebu mwangalie huyu," akaniambia. (Kwetu mjomba anamwita mpwa abti, na mpwa anamwita mjomba abti. Utazoea.) "Kondoo wa kisasa. Wa Afrika Kusini."

Nikamwangalia. Mwili mweupe, kichwa cheusi, shingo nayo nyeusi. Nikacheka. Alikuwa kama wa kwetu ambaye amekuwa akienda jim. Usiku nikaanza kusoma, na kicheko kikaisha.

Kondoo wa Kisomali wa kichwa cheusi ni mnyama usiyeweza kumkosea. Hana sufu, ana manyoya mafupi tu, kwa hiyo joto halimchemshi. Nyuma ana kifurushi cha mafuta juu ya mkia, na hiyo ndiyo benki yake: kiangazi kikija anaishi kwa akiba. Hakuna kampuni iliyomtengeneza. Ametengenezwa na wafugaji wa Pembe ya Afrika kwa karne nyingi, kutoka Berbera hadi mto Tana, kwa uamuzi mdogo mdogo wa kila msimu, yupi achinjwe, yupi aachwe azae.

Karibu mwaka 1870, wachache wao walishuka melini katika Koloni ya Rasi, kule Afrika Kusini. Wenyeji wapya wakawapenda, wakawazalisha, wakahitaji jina. Wakawaita Waajemi. Blackhead Persian. Uajemi! Mnyama ametoka pwani ya Wasomali, lakini mtu fulani akaamua kwamba kitu kizuri namna hii lazima kimetoka ng'ambo ya bahari. Kosa likaingia vitabuni na halijatoka hadi leo.

Kisha ikaja miaka ya 1930. Afrika Kusini ilikuwa na kondoo wengi wa nyama na ilitaka kuuza London, lakini wanunuzi wa London hawakutaka mafuta mengi. Wataalamu wa serikali, pale Grootfontein na kwingineko, wakachukua dume wa Dorset Horn kutoka Uingereza na kuwapandisha majike wa "Kiajemi". Wa Kiingereza alete nyama na ukuaji wa haraka, wa kwetu alete uvumilivu wa ukame na ngozi isiyosumbuliwa na jua. Chama cha wafugaji wa mnyama huyo mpya kilianzishwa mwaka 1950, na jina likaunganishwa vipande viwili: Dor kutoka Dorset, Per kutoka Persian. Kwa hiyo hata katika nusu jina aliyopewa, kondoo wetu hayumo. Yumo Mwajemi.

Leo Dorper yuko Australia tangu 1996, yuko Marekani, yuko hadi China. Kenya naye aliingia kupitia mashamba makubwa na vituo vya serikali, na sasa anauzwa kwa mfugaji wa Garissa kama dawa ya umaskini wake.

Usinielewe vibaya. Dorper ni kondoo mzuri. Anakua haraka, nyama ni nyingi, na mtu mwenye nyasi na maji karibu atapata faida. Kinachonikera ni hesabu. Duniani kuna kondoo zaidi ya bilioni moja, na historia ya biashara yao huandikwa kana kwamba ni ya Australia, New Zealand na Uingereza, yaani historia ya sufu. Sisi tunatajwa kwenye sura ya ukame.

Ilhali nyama ya huku iliwahi kulisha dola. Waingereza walipoiteka Aden mwaka 1839, waliweka askari mahali penye mawe matupu. Watakula nini? Walikula kondoo waliovushwa kutoka Berbera. Waingereza walipojitwalia pwani hiyo ya Wasomali miaka ya 1880, sababu moja kubwa ilikuwa kuhakikisha nyama ya Aden haikatiki, hadi maafisa wenyewe wakaiita bucha ya Aden. Hiyo bucha haijafungwa. Mwaka 2014, FAO ilisema Somalia ilisafirisha nje mifugo milioni 5, wengi wao kondoo na mbuzi wa kwenda Ghuba, hasa msimu wa Hija.

Upande huu wa mpaka, kondoo ni wale wale na wenyewe ni ndugu, ila hadithi ikachukua njia nyingine. Lord Delamere alipewa ardhi Njoro, akaagiza kondoo wa ng'ambo, wakafa kwa wingi, akajaribu tena Soysambu. Kujaribu tena kunahitaji mtu wa kukungoja, na serikali ilimngoja. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, Garissa ikiwemo, ilifungwa. Uliingia kwa kibali na kutoka kwa kibali, na mifugo ikawekewa karantini ili magonjwa yasifike kwenye mashamba ya walowezi. Magonjwa yalikuwapo kweli. Lakini karantini isiyoisha ni ukuta, na nyuma ya ukuta bei inakuwa anayoitaka mnunuzi.

Uhuru ulikuja na vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Ayeeyo, bibi yangu, alikuwa msichana. Vita vyenyewe hakuwa akivisimulia sana. Alisimulia jinsi watu walivyokusanywa kwenye vijiji vyenye ulinzi, na mifugo isiyoweza kwenda malishoni ikafia mlangoni. Alikuwa akitaja rangi za wanyama mmoja mmoja. Na mwaka 1965, vita vikiendelea, serikali ikatoa Waraka wa Kikao Namba 10, ulioelekeza pesa za maendeleo kwenye sehemu zenye ardhi nzuri na mvua, mahali zitakapozaa haraka. Waraka wenyewe ni mkavu, hauna matusi ndani yake. Umeutafuta barabara ya lami Mandera? Anzia hapo.

Hata ugonjwa uliotumaliza una anwani ya kwingine. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa kwa mara ya kwanza miaka ya 1930 na 1931 kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha. Mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño ziliifanya Garissa kuwa bahari, mbu wakajaa, na homa ikaingia. Watafiti walikadiria kwamba watu wapatao 89,000 waliambukizwa katika eneo hili. Ilipofika Saudi Arabia na Yemen mwaka 2000, Saudi Arabia ikapiga marufuku mifugo ya Pembe ya Afrika, na marufuku hiyo ikakaa hadi 2009. Kabla haijaondolewa, homa ikarudi Garissa Desemba 2006. Soko likafungwa, kuchinja kukakatazwa. Fikiria mji mzima wenye pesa zake zote zikitembea kwa miguu minne, na hakuna anayeruhusiwa kuzitumia.

Niliyasoma haya yote, nikamweleza abti jioni moja chai ikiwa mezani. Nilieleza kwa hasira, na ramani kwenye laptopu, kama mtu anayetetea tasnifu ambayo hakuwahi kuiandika. Alisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza.

"Kwa hivyo huyu dume ni mjukuu wetu," akasema.

"Ndiyo, abti."

"Na wananiuzia mjukuu wangu."

"Ndiyo."

Akanywa chai. "Watanipunguzia bei basi?"

Hawakumpunguzia. Wiki ile ile akaingia zizini, akamshika mwanakondoo dume mmoja, kichwa cheusi tititi, mkia umejaa vizuri ingawa nyasi zilikuwa chache. Mama yake ni miongoni mwa majike wanne waliovuka ukame wa 2022. Dalali alikuwa amekwisha kumtolea bei. Abti akamwambia dalali huyu hauzwi, huyu anabaki na majike.

Dada yangu anamaliza kidato cha nne mwaka huu. Zizini kuna 31.