Nyumba Yangu, Nti ya Mwenyewe

Mwaka 2009, nikiwa darasa la sita, nilibeba nyumba ya nyanya yangu kichwani. Usicheke, msomaji. Nilibeba mabati, binamu yangu akabeba mlango, na nyanya mwenyewe akaja nyuma na mkebe wa biskuti uliojaa risiti za ijara. Mwenye ardhi pale Kisauni alikuwa amefariki, warithi wakauza, na mnunuzi akataka mahali pake. Nyanya akaenda kulia shida. Akajibiwa kwa upole kabisa: "Nyumba ni yako, mama, hatukatai. Ichukue uende nayo."

Sasa nyumba ya fito na udongo utaichukuaje? Mabati yalibebeka. Kuta zilibaki palepale, mvua ikazirudisha kwa mwenye ardhi.

Nyanya hakushangaa. "Nyumba yangu, nti ya mwenyewe," alisema. "Ndivyo tulivyokuta." Mimi ndiye niliyeshangaa, na tangu siku hiyo nauliza: nani aliyetuwekea tukakuta hivyo?

Kwa mila za pwani yetu, ardhi ni kitu kimoja na kilicho juu yake ni kingine. Mtu aweza kuwa na minazi katika shamba la mwenzake. Aweza pia kujenga kwa idhini ya mwenye mahali, na nyumba ikawa yake, ya kuuza na ya kurithisha. Sheria ya Kiingereza haijui hivyo. Kwake, kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Mila ile haikuwa na ubaya maadamu ardhi ilikuwa tele na watu wanajuana. Mambo yaligeuka mwaka 1908, serikali ya kikoloni ilipotoa sheria ya hati za ardhi ya pwani. Kila mwenye dai alitakiwa ajitokeze na ushahidi. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Waliojua njia za ofisi wakapata hati. Wengi wa Mijikenda, na wengine waliolima bila karatasi, wakaamka wageni mahali walipozaliwa.

Wakati huo reli, iliyoanza kujengwa 1896, na bandari ya Kilindini zilikuwa zikiita vibarua. Walale wapi? Mji wa Kale haukutosha. Ikakua Majengo, kisha mitaa ya ng'ambo: Kisauni, Likoni, Changamwe. Baraza la mji halikuwa na nyumba za kuwatosha watu wote, likashika njia ya mkato. Mwenye ardhi achore ramani, viwanja vikae kwa safu, njia ziachwe, baraza lipige muhuri. Hati inabaki moja, ya mwenye ardhi. Wajenzi wanalipa ijara kila mwezi. Mpango huo ukaitwa wa kijiji, ingawa kijiji chenyewe kimo ndani ya mji!

Tuseme haki: mpango huo uliwapa watu wengi paa. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ilimlisha mwenyewe. Analala chumba kimoja, vitano anapangisha. Wanawake kama nyanya walisomesha watoto kwa kodi hiyo. Lakini watu walizidi vyumba. Wafanyakazi wa bandari walipogoma 1939, makazi yalikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Januari 1947 wakagoma tena.

Kitanzi kilifichwa ndani ya udongo. Wenye ardhi hawakutaka mawe, maana nyumba ya mawe haing'oki. Sheria ndogo za ujenzi za 1968 nazo zilipanga majengo kwa daraja: ya kudumu huku, hafifu kule, katika maeneo maalumu. Basi nyanya alipotaka kujenga kwa mawe, alikatazwa na mwenye ardhi. Na kwa kuwa hakujenga kwa mawe, nyumba yake ikahesabiwa ya muda. Ya muda, miaka thelathini na moja! Wahenga walisema nyumba ya udongo haihimili vishindo. Hawakusema ni nani aliyetuzuia kujenga ya mawe.

Tusidhani ni balaa letu peke yetu. Marekani, mamilioni ya watu wanakaa katika nyumba zinazoundwa kiwandani na kuletwa kwa gari, na wengi wao wamezisimamisha katika viwanja vya kukodi. Tangu 1976 viwango vya kuziunda huwekwa na serikali kuu, lakini zisimame wapi ni amri ya halmashauri, na halmashauri nyingi zimezisukuma pembezoni. Zinaitwa nyumba za kuhama, kumbe kuhamisha moja ni ghali mno, hata mwenyewe hung'ang'ania hapohapo ijara ikipanda. Wao wana magurudumu yasiyozunguka. Sisi tulikuwa na mabati kichwani.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Tangu 2013 mipango ya mji iko mikononi mwa kaunti. Maneno mazuri, lakini juu ya ramani zile za zamani bado wanakaa watu. Vijana wenzangu mnaoandika, waombeni wazee wenu risiti mzisome kabla panya hawajazisoma.

Nyanya alishatutoka. Mkebe ninao. Risiti zote zimeandikwa "ijara ya kiwanja". Sijaona hata moja iliyotaja nyumba.