Duka la Mhindi na duka la baba

Vijana wenzangu, na nyinyi wafanyakazi wa misaada mnaotusoma hapa, leo naomba tuongee historia ya mahali nilipopita nikiwa mtoto: Busia na Tororo.

Baba alikuwa na duka dogo Busia, upande wa Kenya. Sukari, sabuni, mafuta ya taa, basi. Mapema 2008, baada ya uchaguzi, tukaambiwa: rais ni wa kwenu, mmekula vya kutosha, ondokeni. Baba hakuwahi kumwona huyo rais isipokuwa kwenye picha ya ukutani. Duka lilichomwa, tukavuka mpaka kwa miguu. Tukawekwa kambi ya Mulanda, wilaya ya Tororo, halafu tukaletwa Kiryandongo, ambako najitolea hadi leo.

Nilipokua ndipo nikajua Tororo ilishasikia maneno kama hayo. Agosti 4, 1972, Idi Amin alihutubia wanajeshi kwenye kambi yao ya Tororo, akasema Waasia wenye pasipoti za Uingereza waondoke Uganda. Alidai ameambiwa kwenye ndoto. Wakapewa siku 90, mwisho Novemba 8.

Sasa tuseme ukweli, hasira ya Waganda ilikuwa na sababu. Mwingereza alipanga watu kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Shule zilitengwa hivyo, hospitali hivyo, hata mishahara. Mkulima Mwafrika alilima pamba, lakini kinu cha kuichambua kilikuwa cha Mhindi au Mzungu, na bei hakuipanga yeye. Ilibidi zitokee ghasia za 1945 na 1949, ndipo miaka ya 1950 vyama vya ushirika vya wakulima vikaanza kupata vinu vyao. Uhuru ulipokuja 1962, maduka mengi ya mjini bado yalikuwa ya Wahindi. Mtoto wa mkulima akipita hapo kila siku, lazima atauliza kwa nini.

Swali lilikuwa la haki. Jibu ndilo lilikosewa.

Kwanza, sio kila Mhindi alikuwa tajiri. Kulikuwa na fundi cherehani, karani, mwalimu, seremala, na mwenye duka la mkopo huko kijijini. Tajiri mkubwa naye aliumia. Manubhai Madhvani, wa kiwanda cha sukari cha Kakira, alifungwa gereza la Makindye. Lakini mtu kama huyo alikuwa na biashara nchi nyingine, na 1985 aliweza kurudi Kakira. Fundi cherehani wa Tororo angeanzia wapi?

Pili, angalia walivyoondoka. Kila familia iliruhusiwa kubeba pauni 50 hivi. Vizuizi vya barabarani vilikuwa vingi, na askari walichukua saa, dhahabu, hata blanketi. Wengine walipanda treni ya kwenda Mombasa ili wapande meli, ikapita Tororo na kuingia Kenya kwa ulinzi, wasishuke njiani, kwa sababu Kenya ilikataa kuwapokea. Wale waliokuwa raia wa Uganda walikaguliwa karatasi, na maelfu wakaambiwa sio raia tena. Hao wasio na nchi, Umoja wa Mataifa uliwapeleka kambi za mpito Ulaya, kama Austria, Italia na Malta. Uingereza ilipokea kama 28,000, wengi wakaanzia maisha kwenye kambi za zamani za jeshi. Kumbe "Wahindi matajiri" nao walipanga foleni ya supu kama sisi.

Tatu, nani alikula? Mkulima wa pamba hakupewa kinu. Maduka mengi yaligawiwa wanajeshi na watu wa karibu na serikali. Waliuza kilichokuwemo kwenye rafu, na kilipoisha hawakujua kingine kinaagizwa wapi. Sukari, chumvi na sabuni zikaadimika. Busia ikawa mji wa magendo: kahawa inatoka usiku, sabuni inaingia usiku. Miaka ya 1990 serikali ya Museveni ikawarudishia wenyewe majengo, lakini yule mkulima alikuwa bado na jembe lake.

Kwa nini naandika haya? Mgao wa chakula ulipopunguzwa, nilisikia vijana kwenye foleni wakisema wenye vibanda hapa kambini wamejuana na wakubwa, wafukuzwe. Labda wapo waliojuana na wakubwa kweli. Basi tuulize: orodha aliandika nani, kibali alitoa nani, kwa utaratibu gani? Tuwaulize wanaoamua, na nyinyi wa mashirika mtujibu waziwazi, maana pasipo na jibu mtu hutafuta jirani wa kumlaumu.

Kibanda kikichomwa, mgao hauongezeki hata kikombe kimoja. Baba yangu alipoteza duka, na wale waliolichoma hawakupata hata sukari, iliungua yote. Alirudi kuangalia mara moja tu, akakuta mizani peke yake.

Kwenu mnasikia maneno gani kwenye foleni? Tuandikieni.