Vyanzo vya historia ya Kilwa

Vyanzo vya historia ya Kilwa ni maandishi, magofu na sarafu zinazotumiwa kuchunguza Usultani wa Kilwa, dola la Waswahili lililotawaliwa kutoka kisiwa cha Kilwa Kisiwani (leo katika Mkoa wa Lindi, Tanzania) hadi Wareno walipouteka mji mwaka 1505. Hakuna chanzo kimoja kinachotosha. Kila kimoja hupimwa kwa vingine.

Maandishi

Tarehe ya Kilwa iliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 na mtu asiyejulikana jina. Imebaki katika nakala ya karne ya 19 inayotunzwa London. Toleo jingine limo katika kitabu cha Mreno João de Barros cha mwaka 1552. Yote mawili yanasema watawala wa kwanza walitoka Shiraz, Uajemi, lakini yanatofautiana kuhusu majina na urefu wa tawala. Tena yaliandikwa karne kadhaa baada ya matukio hayo.

Ibn Battuta kutoka Moroko alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Masimulizi yake yalikamilika kuandikwa mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baadaye.

Magofu

Ibn Battuta anausifu mji kwa uzuri na kutaja nyumba za miti. Hata hivyo, Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwepo kabla ya ziara yake. Huenda alieleza makazi ya watu wengi, ambayo hayakuacha magofu kama yalivyoacha majengo ya mawe.

Sarafu

Sarafu za shaba za Kilwa zina jina la sultani lakini kwa kawaida hazina mwaka. Mwanaakiolojia Neville Chittick alikadiria kwamba Ali bin al-Hasan, anayetajwa kuwa mwanzilishi, alitawala mwishoni mwa karne ya 12. Mwaka 1984 hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 ilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba. Sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zilikuwa pamoja na dinari za Wafatimi, ambazo huandikwa mwaka. Kama ndiye yuleyule wa Tarehe, basi alitawala karne ya 11, yaani zaidi ya miaka 100 mapema.

Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman iliyopatikana Zimbabwe Kuu ni ushahidi wa uhusiano wa pwani na nchi ya dhahabu.