Mvua ya Vuli na Theluji ya Kibo: Ushuhuda Uliokataliwa, 1848–1862

Katika kurasa zilizotangulia msomaji amekutana na majina ya wainjilisti, walimu na wazee wa Kanisa walioulea Usharika huu kwa miaka mia moja. Yapo hata hivyo mambo yaliyotangulia kazi yao yote, nayo yasipoandikwa hapa, vijana wetu na wageni wetu wa Dayosisi hawataelewa mahali hapa pali julikanaje kwa watu wa mbali. Mojawapo ni habari ya theluji ya mlima wetu, na ya mmisionari aliyeiandika kwa uaminifu asisadikiwe kwa muda wa miaka kumi na minne, hata dhoruba moja ya vuli ilipomthibitisha.

Kwetu vuli huanza mwezi wa Oktoba na kuendelea hadi Desemba. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huja na unyevu. Zikiufikia mlima hulazimika kupanda, na zikipanda hupoa. Kwa kila mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi. Kwa hiyo dhoruba moja yaweza kunyesha mvua migombani, kufunika msitu kwa ukungu, na kuangusha theluji juu ya Kibo, chenye kimo cha mita 5,895. Wafasiri wetu wamezoea kulitumia neno vuli kwa majira ya Ulaya ambayo majani hupukutika. Majira hayo mawili si kitu kimoja, lakini kwa kalenda yanakaribiana, na huko pia dhoruba za kwanza huleta mvua bondeni na weupe milimani. Mtu aliyelelewa kusini mwa Ujerumani hakuhitaji kufundishwa theluji ni nini.

Mtu huyo alikuwa Johannes Rebmann. Alizaliwa Gerlingen, katika Württemberg, tarehe 16 Januari 1820, akasoma katika chuo cha misioni cha Basel, akatumwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Mwaka 1846 alifika Mombasa na kuungana na Ludwig Krapf, nao wakaanzisha kituo cha Rabai. Mwishoni mwa Aprili 1848, wakati wa masika, Rebmann alishika njia ya Uchaga pamoja na kiongozi wa msafara Bwana Kheri na wapagazi wachache. Hakuchukua bunduki. Alichukua mwavuli, na kwa majira yale ulimfaa zaidi.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848 aliona juu ya mlima kitu kilichofanana na wingu jeupe lenye kung'aa. Alipomwuliza kiongozi wake, alijibiwa kwa neno moja tu: baridi. Jibu hilo lapaswa kufikiriwa. Kiswahili cha Pwani hakikuwa na haja ya jina la kitu kisichoanguka Pwani, na yule kiongozi akakitaja kwa namna kinavyouhisiwa na mwili. Rebmann akaelewa mara moja. Aliketi chini ya mti akasoma Zaburi ya 111, kisha akaendelea na safari.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, safari hii katika vuli, alirudi na kwenda hadi Machame kwa Mangi Mamkinga. Aliuona mlima kwa karibu, hata kwa mwanga wa mwezi usiku, akaeleza vilele vyake viwili. Wenyeji walimwambia kwamba kitu kile cheupe huitwa Kibo, na kwamba kikitiwa motoni hugeuka maji. Alisimuliwa pia kwamba Mangi Rungua, baba yake Mamkinga, aliwahi kutuma kundi kubwa la watu wapande wakachunguze weupe ule. Katika wote hao alirudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Kwa maoni ya mwandishi wa sura hii, Sabaya ndiye shahidi wa kwanza wa theluji ya Kibo ambaye jina lake limehifadhiwa. Gharama ya ushuhuda wake aliilipa kwa viungo vyake.

Habari za Rebmann zilichapwa London mwaka 1849 katika gazeti la misioni yake. Upinzani ukatokea haraka, na mkali zaidi ulitoka kwa William Desborough Cooley, msomi wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Haifai kumdharau: alisoma mengi sana, na baadhi ya habari zake za maziwa ya bara alizipata kwa Khamis bin Uthman, Mswahili aliyefika London. Lakini juu ya theluji hakukubali. Theluji karibu na ikweta, alisema, haiwezekani; na katika kitabu chake cha mwaka 1852 alimhesabu Rebmann kuwa mtu wa macho dhaifu, mwenye kupenda maajabu na kutoa hoja za kitoto. Krapf naye aliuona Kilimanjaro mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Ukambani, akaona theluji ya Mlima Kenya. Hilo pia halikusaidia, kwa kuwa Krapf alikuwa mmisionari mwenzake.

Mwaka 1861 Baroni Karl Klaus von der Decken, Mjerumani asiye mmisionari, aliujaribu mlima pamoja na mwanajiolojia kijana wa Kiingereza, Richard Thornton. Walifika mita 2,500 hivi wakarudishwa na hali mbaya ya hewa. Hata hivyo walipima kimo cha mlima kwa vyombo na kuthibitisha weupe wa kilele.

Mwishoni mwa mwaka 1862, wakati wa vuli, Decken alirudi pamoja na Otto Kersten. Safari hii waliuvuka msitu wote wakatokea juu ya mstari wa miti, wakafika mita 4,200 na zaidi. Huko juu, usiku, dhoruba ikawafikia, na kilichowaangukia hakikuwa mvua bali theluji. Tangu Rebmann aone lile wingu jeupe, wabishi walikuwa wakiuliza kama macho ya mtu aliye mbali yaweza kudanganyika: pengine ni mawe meupe, pengine ni mwanga wa jua. Usiku ule swali hilo lilikwisha, maana theluji haikuonwa kwa mbali tena, ilishuka juu ya wasafiri wenyewe.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Decken medali ya dhahabu mwaka 1864. Cooley hakushawishika. Alimdhihaki Baroni kwa kubahatika kupata dhoruba kwa wakati uliomfaa, na akashangaa theluji ianguke Desemba, jua likiwa wima utosini. Hata katika hilo alikosea. Kilimanjaro kiko nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Jua huwa utosini pake mwanzoni mwa Oktoba na tena Machi, wakati Desemba limekwisha kwenda mbali kusini. Zaidi ya hayo, jua kuwa utosini halizuii theluji kwenye kimo kile. Mvua hufuata mwendo wa jua, na mvua ile ile ikipanda juu vya kutosha huganda.

Mwaka 1871 Charles New, wa misioni ya Kimethodisti, aliifikia theluji yenyewe. Cooley alifariki mwaka 1883, miaka sita kabla ya Hans Meyer na Ludwig Purtscheller kusimama juu ya Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Rebmann alibaki Rabai karibu miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Macho yake, yale yaliyodharauliwa London, yalipofuka kweli uzeeni. Alirudishwa Ujerumani mwaka 1875, akafa Korntal tarehe 4 Oktoba 1876. Wamisionari wa Leipzig, ambao kutoka kwao Kanisa letu la Kilutheri limepata mizizi yake mlimani, walifika mwaka 1893. Wakati huo hakuna aliyebisha tena.

Barafu aliyoiona Rebmann sehemu kubwa haipo. Mwaka 1912 ilipopimwa ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 zilibaki pungufu ya mbili. Ongezeko la joto duniani limo, lakini wataalamu huonyesha pia kwamba hewa ya mlimani imekuwa kavu tangu mwisho wa karne ya 19 na theluji mpya imepungua. Theluji mpya ni nyeupe, huurudisha mwanga wa jua na kuikinga barafu ya zamani iliyo chini yake. Isipoanguka, barafu hubaki wazi ikaliwa na jua. Wapo wanaoamini kwamba mito yetu na mifereji ya mababu hulishwa na barafu hiyo. Kwa kweli maji mengi sana hutoka kwenye mvua inayonyesha msituni, ambako upande wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hasara ya msitu yangetukausha mapema kuliko hasara ya barafu.

Theluji ya vuli bado huja. Baada ya usiku wa mvua kubwa mwezi wa Novemba, mawingu yakifunguka alfajiri, Kibo huonekana kimefunikwa hadi chini ya mabega. Jua likipanda, weupe wa chini huanza kuondoka, na baada ya siku chache hubaki vipande vile vya barafu ya zamani tu.